Pua ya Mama Mkwe

Nyumba B-412,
Kangerlussuaq,
Grinilandi.
19 Aprili

Mpendwa Shangazi Regine,

Hilo doa la mafuta hapo juu karibu na tarehe si uchafu wangu, ni Bebiane. Sasa hivi tu, nilipoinama kuokota kalamu, ametoa kinywani kisamaki kikavu alichokuwa akikimung'unya tangu asubuhi, akakilaza juu ya karatasi yako, akakipapasa kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto alale, kisha akaniangalia kuona kama nitathubutu kukiondoa. Nimethubutu. Amenuna, ameingia chini ya meza, na sasa anakisimulia kiatu changu jinsi nilivyo mtu mbaya. Basi lipokee doa hilo kama salamu zake, maana nyingine hatoi leo.

Shikamoo shangazi yangu. Hujambo? Goti linasemaje siku hizi, bado linakugombeza ukipanda ngazi? Na mumeo Preben, kifua chake kimetulia? Huku kwetu tu wazima. Mimi mafua yamenitoka, imebaki sauti ya kukwaruza kidogo. Ulloriaq midomo imempasuka kwa baridi lakini anacheka nayo hivyo hivyo. Bebiane anaota magego, kwa hiyo kila kitu humu ndani kina alama za meno, mimi nikiwemo. Theluji bado ipo ila mchana inalegea, na jua limekuwa kaidi kulala kama binti yangu.

Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umesema chumba cha juu mmekipaka rangi, kitanda cha mtoto kipo, na tukitaka tuhamie kwenu Denmaki, hapo Esbjerg, kabla ya kiangazi. Mwishoni ukauliza bila kuzunguka: mnakuja au mnabaki? Shangazi, jibu sina. Jibu liko angani. Sifanyi mzaha. Liko angani hivi ninavyoandika, ndani ya ndege ndogo nyeupe yenye mabomba yaliyochomoza puani, na mume wangu Ulloriaq yumo. Ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitaosha sakafu ambayo nimeshaiosha.

Ngoja nianze mbali kidogo ili unielewe.

Unajua tangu ndege kubwa za abiria zihamie Nuuk, mji wetu umebaki kama sahani iliyolambwa. Wakubwa walikuja wakatuambia tusiwe na hofu, mji hautakufa. Walisema hivyo wakiwa wamevaa makoti, hawakuyavua hata kunywa kahawa. Walipiga picha na yule fahali wa manyoya aliyekaushwa pale ukumbini, wakawahi kurudi kabla hali ya hewa haijachafuka. Ulloriaq aliyekuwa akipakia masanduku uwanjani akabaki hana sanduku la kupakia. Majirani zetu wa pande zote mbili wameondoka. Usiku nyumba zao hazina taa, ukipita unajikuta unatembea haraka.

Waliobaki kutujia ni wapima hewa. Ndivyo tunavyowaita. Kila majira haya jua linaporudi wanakuja na ndege yao, na mkubwa wao ni Mjerumani mmoja mrefu, Daktari Annegret, ambaye hutembea na soksi zilizotoboka na hajali. Mimi shule niliiacha mapema, unalijua hilo, lakini mambo ya ndege ile nimeyaelewa kwa sababu huyu mama alikaa jikoni kwangu akanieleza kama anamweleza mtu, si kama anamweleza kiti. Wanaruka chini kabisa juu ya barafu ya bahari, na ndege inavuta hewa kwa yale mabomba kama mtu anayenusa chungu cha jirani. Ndani mna mashine zinazosema hewa hiyo ina nini. Hewa nyingine wanaijaza kwenye chupa za kioo, wanakwenda nayo kwao.

Wanachotafuta ni hiki. Jua linaporudi, chumvi iliyo juu ya barafu inatoa kitu kinachokula ile hewa ya ozoni karibu na uso wa bahari. Hapo hapo zebaki iliyokuwa ikielea tu inaanguka kwenye theluji. Theluji ikiyeyuka zebaki inaingia majini, inaingia kwenye samaki, inaingia kwa sili, na sili anaingia kwenye sufuria yangu. Unakumbuka nilipokuwa na mimba nesi aliniambia nipunguze maini ya sili? Nililia siku nzima, si kwa hofu, kwa hamu. Basi ndiyo hiyo zebaki.

Na haikutoka kwetu, shangazi. Sisi tuna nini cha kutoa moshi? Duka moja na vigari vichache. Ni uchafu wa kwenu huko, wa viwanda vya watu wenye suti safi. Wakati wa baridi unapanda taratibu, unakuja kulala huku juu yetu kama mgeni asiyejua kuaga. Halafu watu hao hao wanatuandikia tusile sana sili. Preben asichukie, namwambia yeye kwa niaba ya wenzake.

Kazi ya Ulloriaq kwa wapima hewa ilikuwa ya majaribio. Anavua vile vifuniko vyekundu vya mabomba, anawasha lile jiko kubwa la kupulizia injini joto, na lililo kubwa kuliko yote, anahakikisha hakuna gari linalounguruma karibu na ndege wakati mashine zinalishwa hewa safi kutoka kwenye mtungi ili zijue usafi ukoje. Zikivuta moshi wakati huo, basi siku imeharibika. Daktari Annegret alimwambia akifanya vizuri atampa kibanda cha mlimani. Ni kile kijumba chenye bomba juu ya paa, kinachopima hewa mwaka mzima, wao wakiwa wameshaondoka. Mwenye ufunguo wa kibanda ana kazi, kiangazi na baridi. Mwenye kazi habebi mtoto kumpeleka Esbjerg. Umeona sasa.

Sasa tuje kwa shemeji yangu Gerth. Kama una kikombe mkononi kiweke mezani kwanza.

Kaka yake Ulloriaq unamkumbuka akiwa kijana wa kawaida. Basi akakaa huko kwenu, Aalborg, kidogo, akarudi anatembea kama anayekanyaga mayai. Anaendesha lile gari la kubebea chakula na mizigo ya wapima hewa, hilo tu, kazi ya heshima kabisa kama angeifanya na kunyamaza. Lakini Gerth kunyamaza? Amenunua miwani myeusi kama ya rubani, anaivaa hata dukani. Anapozungumza anasema “sisi watafiti.” Ndani ya ile ndege hajawahi kupita ngazi ya kwanza, pale anaponyoosha mkono kupitisha mikate. Juzi juzi bibi Bolette, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, alimkuta dukani.

“Gerth, leo mmepima nini?”

“Mambo ya juu, bibi. Hata nikikueleza hutaelewa.”

“Basi nieleze ya chini. Huo mkate uliokumbatia ni wa nani?”

“Wa rubani.”

“Ahaa. Kumbe wewe unapima mikate.”

Duka zima lilicheka, naye akacheka pia, akidhani wanacheka naye.

Ilivyotokea ni hivi. Unajua tabia yetu ya magari, wewe mwenyewe ulikulia humo. Huku mtu hazimi gari kwenye baridi. Ukilizima unaweza usiliwashe tena, na kiti kinakuwa barafu, kwa hiyo unaliacha linaunguruma nje ya duka, nje ya kanisa, nje ya nyumba ya mtu unayekwenda kumsalimia, na wote tunakohoa pamoja kwa upendo. Asubuhi moja wiki iliyopita Gerth alileta chakula cha marubani. Akaegesha gari nyuma ya ndege, upande ule ule upepo unakotokea, akaliacha linaunguruma, akaingia kantini kunywa kahawa. Ulloriaq alikuwa upande wa pili anavuta lile bomba la joto. Aliposikia harufu akakimbia, akalizima gari mwenyewe.

Na hapo ndipo alipojimaliza, mume wangu mwema. Daktari Annegret alipotoka anapiga kelele kwamba mashine zimepata wazimu, gari lilikuwa kimya kama kaburi, na Gerth anakuja taratibu na sukari ya keki kwenye masharubu.

“Mimi? Gari langu limezimwa, angalia mwenyewe. Tangu nifike limezimwa. Labda ni lile jiko la mdogo wangu, kaligeuzia upepo vibaya. Ndiyo kwanza anajifunza, msamehe.”

Msamehe! Shangazi, niliposimuliwa neno hilo na bibi Bolette, aliyekuwa akifagia kantini na kuyasikia yote, niliacha maziwa yakafurika jikoni.

Ulloriaq alitazama viatu vyake. Jioni nikamkalisha.

“Ulinyamaza kwa nini?”

“Ni kaka yangu.”

“Kaka yako ndiye atakayetulisha Esbjerg?”

“Pipaluk.”

“Nini?”

“Mtoto amelala.”

Ndivyo alivyo. Marehemu mama yao alimlea hivyo, kwamba kaka haaibishwi mbele ya wageni. Kwa Gerth sijui alimaliza somo hilo kabla ya kufika kwenye sehemu ya mdogo.

Vichujio vya mashine vilikuwa vyeusi, ikabidi vibadilishwe vyote. Walipomaliza ukungu ulikuwa umeshafunika barafu, na safari waliyokuja kuifanya kutoka mbali kote huko ikapotea. Daktari Annegret hakufoka. Alimwambia Ulloriaq kwa upole kwamba kibandani anahitaji mtu ambaye akimwambia hakuna moshi, yeye huko kwao alale usingizi. Atatafuta mwingine. Kesho yake, shangazi, nani alikwenda kujipendekeza kwa ajili ya kibanda, kavaa miwani na kachana nywele? Sina haja ya kulitaja jina.

Nikatoa sanduku kabatini. Nilianza na nguo za Bebiane kwa sababu ni ndogo, nikafikiri zitaniuma kidogo. Ndizo zilizoniuma zaidi.

Halafu ikafika siku yake ya kuzaliwa, kutimiza miaka miwili. Hata ukiwa na huzuni kiasi gani kaffemik, kahawa na keki kwa mji mzima, lazima ufanye, ungesema nini kwa watu? Nilioka keki mpaka mikono ikawa ya unga mtupu. Na unajua kaffemik haina kumchagua mgeni. Mlango uko wazi, viatu vinajaa barazani, mtu anakula, anakunywa kahawa yake, anampisha mwingine. Daktari Annegret alikuja na rubani wake. Bibi Bolette alikuja mapema ili apate kiti cha karibu na keki ya matunda. Na Gerth naye akaja, kwa sababu angekosaje? Ilikuwa siku ya mama yake.

Hapa mweleze Preben taratibu, maana najua ataanza kuuliza. Mwambie kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, marehemu amerudi nyumbani. Marehemu mama mkwe alikufa wakati mimi nina mimba, mtoto akapewa jina lake, Bebiane, na tangu siku hiyo Gerth na Ulloriaq wanamwita Mama. Wanamletea vitu alivyovipenda. Bibi Bolette anamwita shoga yangu, anampigia umbea wa zamani. Mimi ndiye niliyepata kichekesho kikubwa. Unakumbuka nilivyokuwa namwogopa yule mama? Nilikuwa nikisikia miguu yake barazani napangusa meza iliyokwisha panguswa. Sasa namfuta makamasi, nambadilisha nepi, na akinigomea chakula namwambia mama mkwe fungua mdomo. Nampenda hata akining'ata kwa hayo magego.

Na jambo moja la marehemu unalikumbuka, kila mtu hapa analikumbuka. Hakuwa mtu wa kugombana na mwongo. Alikuwa akibana pua yake mwenyewe tu, kama aliyesikia uvundo. Vidole viwili, anakutazama, habanduki, mpaka useme kweli mwenyewe. Mwenye duka alibaniwa pua. Shemasi alibaniwa pua, tena kanisani.

Basi Gerth akafika na kitambaa cha kichwa chenye maua, akamfunga Mama yake, akajikalisha kwenye sofa ubavuni mwa Daktari Annegret, akampakata mtoto, akaanza. Nilikuwa nakata keki. Nilikuwa naikata vibaya.

“Daktari, mimi na mashine tunaelewana. Mdogo wangu ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Ila mikono yake ni ya masanduku.”

Ulloriaq alikuwa anammiminia kahawa huyo huyo anayemsema. Hakumwaga hata tone.

“Siku ile gari langu lilikuwa limezimwa kabisa. Naapa mbele ya mama yangu huyu hapa.”

Akambusu utosini, juu ya kile kitambaa. Na Bebiane akageuka. Akamtazama usoni, muda mrefu, kama watoto wanavyotazama kitu kabla ya kukila. Kisha akainua mkono wake uliojaa krimu, akabana pua.

Bibi Bolette akaweka kikombe chini.

“Haya,” akasema. “Mwenyewe kashasikia.”

“Mtoto anacheza,” Gerth akasema, akicheka kicheko chembamba.

“Basi rudia. Mwambie Mama gari lilikuwa limezimwa.”

“Bibi Bolette, usituletee mambo ya kizamani mbele ya wageni.”

“Wageni wanakula keki, hawana shida. Rudia.”

Akafungua mdomo. “Mama, lile gari lilikuwa...” Bebiane akaleta na mkono wa pili, akabana pua kwa mikono yote miwili mpaka uso ukawa mwekundu, na macho hayamtoki. Gerth akavua miwani. Sijawahi kumwona anavua miwani hadharani. Ana macho madogo, kama ya mtu aliyeamshwa.

“Liliwaka kidogo,” akasema.

“Kidogo kiasi gani?” Huyo alikuwa Ulloriaq, neno lake la kwanza siku hiyo.

“Muda wa kahawa tu.”

“Kahawa moja?” bibi Bolette akauliza.

“Na keki.” Akaikunja miwani. “Na kahawa nyingine. Mama, basi, nimesema! Achia pua, utakosa pumzi!”

Nyumba ililipuka. Watu waliokuwa barazani wanavaa viatu walirudi ndani na kiatu kimoja kuuliza kuna nini. Daktari Annegret alikuwa anageuza kichwa huku na huku, haelewi, mpaka bibi Bolette akamshika goti akamweleza kwa Kideni chake cha kuokoteza: “Huyu mama yake. Yule mwongo. Gari. Moshi.” Daktari akamgeukia Gerth, akamwuliza mwenyewe, na Gerth akamjibu kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kutumia tangu azaliwe. Alikuwa anayasema kwenye sahani. Kisha akaomba kipande cha keki cha kwenda nacho. Alipewa. Kaffemik ni kaffemik.

Shangazi, hili linalofuata nakwambia wewe peke yako. Preben akisoma mwapishe. Mimi najua Bebiane kajifunzia wapi kubana pua. Ninapombadilisha nepi huwa nabana pua nasema “lo, mama mkwe!” ili acheke asirushe miguu. Na koti la Gerth linanuka dizeli, linanuka mpaka ukilitundika ukutani ukuta unanuka. Kwa hiyo mimi najua mtoto alinusa nini. Nilinyamaza, nikagawa keki. Ila kuna kitu kimoja ambacho mpaka leo nakigeuza kichwani na sikipatii mahali pa kukiweka. Mimi nabana kwa mkono wa kulia. Yeye alianza na wa kushoto, kama marehemu.

Kesho yake Daktari Annegret alikuja mlangoni, akavua viatu, soksi imetoboka vile vile. Alimwomba Ulloriaq radhi, sisi wote tukiwepo. Akasema hali ya hewa ikitulia safari ile itarudiwa, na Ulloriaq apande, ajifunze kujaza zile chupa huku ndege inayumba, maana mwenye kibanda naye hujaza chupa kama hizo. Kuhusu ufunguo akasema ataniambia mwenyewe wakishatua. Hakuahidi. Nilimtazama mdomo wake kama mbwa anavyotazama mkono wenye nyama, lakini hakuahidi.

Hali imetulia leo. Asubuhi wamemvika mume wangu lile vazi la rangi ya karoti la kuelea majini kama ndege ikianguka. Bebiane alipomwona alipiga kelele akajificha nyuma yangu, hakumjua. Ikabidi Ulloriaq apige magoti, atoe mkono kwenye ile glovu, amruhusu amnuse vidole. Ndipo akakubali kwamba ni yeye. Nilimwuliza unaogopa? Akasema haogopi, na Bebiane hakubana pua, lakini mimi karibu nibane.

Gerth je? Usimwonee huruma, yeye hajionei. Sasa amegeuka mzima gari mkuu wa mji. Anazima hata akisimama kumpungia mtu mkono, halafu haliwaki, na sisi tunatoka kwenye nyumba zetu kumsukuma. Na dukani anasimulia kwamba ni yeye aliyewasaidia watafiti kuthibitisha kwamba mashine zao zinanusa vizuri. Unamfanyaje mtu kama huyo? Ukimtupa kwenye barafu atarudi anasimulia kwamba ni yeye aliyeigandisha.

Shangazi, usidhani chumba chako sikitaki. Nimekiota, na rangi yake uliyoniambia nimeiota. Kama ufunguo hautapatikana tutakuja, na nitakushukuru kila siku ya maisha yangu. Lakini nataka binti yangu ajue harufu ya theluji yake. Nataka siku moja nimwekee maini ya sili kwenye sahani na mtu aniambie kwa uhakika, kula mwanangu, ni safi. Na mtu huyo akiwa ni baba yake, aliyepanda mlimani kila siku akaipima hewa hiyo mwenyewe, mimi nitataka nini tena? Wengine wote wanaosema juu ya hewa yetu wako mbali na hawajawahi kuivuta.

Naweka sahihi mapema, maana ndege ikitua nitakimbia na barua itabaki uchi. Nisalimie sana Preben na umpunguzie maneno yangu makali, najua yeye hana kiwanda. Msalimie binamu yangu Aqqaluk, mwambie apige simu kwa shangazi zake, vidole havijamkatika. Msalimie Tabita wa ghorofa ya chini anayekuokea mkate. Mungu akulinde na ngazi zako, akupe usingizi usio na maumivu, na atukutanishe tena meza moja, iwe huko au huku, wewe ukiwa bado unaweza kucheka hivyo unavyocheka.

Wako akupendaye, na mama mkwe wake aliye chini ya meza,
Pipaluk

Nafasi imebaki, acha niijaze. Muungurumo umepita juu ya nyumba sasa hivi, vikombe vimelia kabatini. Bebiane ametoka chini ya meza, amepanda kiti, ameingiza vidole vyote kwenye siagi na anatazama dirishani. Mimi siwezi kutazama, nimeiosha ile sakafu tena, yote, nimerudi kwenye kalamu naye bado yuko kwenye siagi. Kuna mtu anapanda ngazi anakimbia. Ni Gerth, kaja kwa miguu, gari bila shaka limemzimikia. Anapiga kelele, “Pipaluk! Mlete Mama! Kashuka, na ufunguo kauning'iniza shingoni!” Lakini si unamjua Gerth, anaweza kusema lolote ili awe wa kwanza kulisema. Nimemgeukia mtoto. Amembandikia mwanawe Gerth macho kupitia kioo, hasa hasa, kama siku ile, na mikono yake yote miwili iko kwenye siagi, haijapanda puani, bado haijapanda, Gerth anarudia tena na bado haijapanda, kwa hiyo shangazi yangu kile chumba cha juu unaweza kumpa mtu mwi—